Mashua yenye Besera

Temeke ya zamani ilikuwa na kichekesho chake, na kichekesho hicho kilikuwa mtu aitwaye Sadallah. Alikuwa mlinzi wa ghala moja kule Kurasini, paa la nyumba aliyoishi lilivuja kila masika, na suruali yake ya kazini ilikuwa na viraka magotini. Lakini alikuwa na mashua ya starehe. Si ngalawa ya kuvulia, wala mtumbwi wa kuvushia watu kwa nauli. Ilikuwa mashua ya kutembelea tu, nyeupe, yenye mstari wa kijani ubavuni, na kazi yake ilikuwa kumpeleka yeye na mkewe na marafiki zao mandari. Watu walicheka mpaka wakachoka. Walipochoka wakaanza kujivuna nayo, maana Ilala walikuwa na soko lao na Kinondoni walikuwa na ngoma zao, lakini maskini mwenye mashua ya starehe alikuwa Temeke peke yake.

Wakati huo Temeke haikuwa hii mnayoijua, ya mabati na vumbi. Nyumba zilikaa mbalimbali kati ya mikorosho, mtu akipiga chafya kwake jirani alimwitikia kutoka uani, na ukitaka kwenda Mtoni, kule mkono wa bahari unakoingia nchi kavu kati ya mikoko, ulishika njia ya mguu ukafika bila kutoka jasho. Walioishi siku zile wakizisimulia huanza vizuri, kisha hunyamaza katikati.

Lakini habari hii si ya Sadallah. Ni ya mkewe, Tunu, aliyebaki.

Tunu alikuwa mpishi wa mkate wa kumimina, na mkate wake ulikuwa haulali. Unaoiva asubuhi, asubuhi hiyo hiyo umekwisha. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, lakini hayo machache yalikuwa na pilipili ya kutosha. Alipoposwa na Sadallah, mjomba wake alimwendea chumbani kumuuliza mahari anayotaka, kama ilivyo ada. Wasichana wengine walitaja fedha, wengine walitaja herini. Tunu alitaja kitanda cha besera. Alikiona kimoja mjini, Gerezani, katika nyumba ya bibi ambaye yeye Tunu alikuwa akimfulia nguo: kitanda kirefu cha miguu ya kuchonga, kina nguzo nne, na juu ya nguzo kimetandwa kitambaa cheupe kama paa. Alisema mtu akilala pale haamki na mabaki ya makuti usoni. Mjomba akaupeleka ujumbe, na Sadallah akajibu mbele ya mashahidi, "Kitakuja." Wakaozwa.

Kitanda hakikuja. Mwaka ukapita, na mwingine, na Sadallah akiulizwa alijibu neno lile lile, kitakuja, kwa uso mkunjufu wa mtu anayeamini anachosema. Siku za mapumziko alikuwa akimtembeza Mzungu mmoja wa idara ya barabara kwenye mashua ya Mzungu mwenyewe, naye akivua samaki na kuwarudisha majini, jambo ambalo Temeke nzima ililitafutia maana bila kuipata. Vita vya pili vilipoanza, yule Mzungu akaitwa kwao. Hakupata wa kuinunua mashua, akamwachia Sadallah.

Sadallah alikuja nyumbani mbio, akamshika Tunu mkono na unga bado uko vidoleni, akamvuta mpaka Mtoni. Tayari alikwisha simamisha fito nne ndani ya mashua, na juu ya fito ametanda kitambaa cha marekani nyeupe.

"Uliomba kitanda cha besera," alisema. "Hiki hapa. Tena chako kinatembea, cha yule bibi wa Gerezani kimekaa tu. Umepokea?"

Tunu aliitazama ile mashua, akamtazama mumewe. Alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Na katikati ya hasira ile kicheko kilikuwa kinamjia, akakibana.

"Mie nilitaja kitanda," alisema. "Sikutaja chombo."

"Kwa hiyo umepokea, hujapokea?"

"Bado."

Neno hilo ndilo lililokuja kuwa maisha yao. Kila mwaka, siku ya pili ya Idd, Sadallah aliwapakia marafiki mashuani wakaenda mandari ng'ambo, upande wa Kigamboni, penye ufuko mdogo wa mchanga ambako walipika, wakala, wakalala kivulini, wakaoga, wakarudi. Marafiki wenyewe walikuwa wale wale: Chausiku, jirani wa ua kwa ua, mkaanga samaki mwenye mdomo usiojua Ijumaa, Jabiri, fundi cherehani, ambaye alipiga makasia vizuri na kuimba vibaya, na baadaye Kokushubila, mke wa mwalimu Revelian, waliohamia mtaani kutoka Bukoba. Wakati wa kurudi, mashua ikishaelekeza omo, ile pua yake, Mtoni, Sadallah, aliyeketi siku zote tezini, nyuma kabisa, aliweka kasia chini na kukohoa. Wote wakajua. Alimgeukia mkewe kama mtu aliye mbele ya kadhi.

"Bibi Tunu binti Nassibu, umepokea?"

Tunu alitengeneza kanga yake taratibu, akaangalia huku na huku. "Kitanda gani kisicho na godoro," alisema. "Bado."

Mwaka uliofuata lilikuwapo godoro la sufi. "Mito je? Bado." Ikaja mito. Akataka pazia, likaja pazia. Akataka zulia la kukanyagia mtu anaposhuka kitandani, na Sadallah akaleta mkeka wa rangi uliosukwa Mafia, akautandika chini ya mabao ya kukalia. Jabiri alikuwa akiapa kwamba mwanamke huyu siku moja ataomba paka wa kulala miguuni. Hivyo ndivyo mashua ya Mzungu ilivyogeuka kitanda kidogo kidogo, na huku nyumbani Tunu na mumewe wakilala kwenye kitanda cha kamba kama watu wengine wote.

Na Tunu, kwa miaka yote hiyo, hakulilalia lile godoro hata mara moja. Wenzake walijibwaga wakakoroma. Yeye aliketi pembeni, mgongo wima, kwa sababu kulala ni kupokea.

Idd ya mwisho hakikuwa kimepungua kitu. Sadallah aliuliza, Tunu akatafuta kasoro kwa macho kutoka omo mpaka tezi, asiione. Wote walimwangalia. Sadallah alikuwa ameanza kutabasamu, akidhani leo ndiyo leo.

"Bado," alisema Tunu, bila sababu yoyote.

Sadallah alicheka mpaka machozi yakamtoka, akapangusa kwa kiganja chenye maji ya chumvi, yakazidi. "Haya," alisema, "basi mwakani." Masika yale homa ya kifua ikamshika, na ilipomwachia ilimwachia kaburini.

Ndipo utani ulipogeuka kuwa jambo. Kabla maiti haijatolewa, wanawake wazima walimwendea Tunu alipoketi, wakamnong'oneza kama wanavyonong'onezwa wajane wote: msamehe mumeo mahari yake, aende mwepesi. Tunu alivuta kanga usoni. Wakamuuliza tena. Akatikisa kichwa, si kukataa wala si kukubali. Mwalimu wa msikitini aliposikia akasema mwacheni, akishatoka edani atasema mwenyewe.

Maana mahari ni deni, na deni la marehemu hutangulia urithi. Hilo hata watoto wa chuo cha Kurani walilijua. Nyumba ilikuwa ya Tunu, kiwanja alipewa na mama yake. Alichoacha Sadallah duniani ni mashua tu. Kama Tunu angesema amesamehe, deni lingekwisha, na mashua ingekuwa mali ya urithi. Na kwa kuwa hawakujaaliwa mtoto, fungu kubwa lingekuwa la Mwishehe, ndugu wa marehemu. Kama angesema ameipokea mashua badala ya kitanda, deni lingekuwa limelipwa na mashua ni yake. Na kama angekaa kimya, Sadallah angebaki na deni shingoni huko aliko. Watu walimshangaa anangoja nini. Njia ya pili ilikuwa nyeupe mbele yake, na mtaa mzima ulikuwa tayari kumshuhudia. Tunu hakumwambia mtu kwa nini haishiki njia hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa hajalipata neno la kulisemea.

Mwishehe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchoma mkaa wa Mbagala, ana watoto wengi, na mgongo ulikuwa umeanza kumpinda kwa magunia. Aliiona mashua ile akaona magunia yakielea yenyewe mpaka mjini. Wakati wote wa eda alileta mihogo, akamsalimu shemeji yake kutoka nyuma ya pazia kwa adabu zote, na kabla ya kuondoka alimuuliza Chausiku mlangoni, "Shemeji hajasema tu?"

"Akisema utasikia," Chausiku alimjibu. "Mbagala si mbali."

Eda ilipokwisha, Chausiku alimpeleka Tunu baharini alfajiri, akamwogesha, akamfukiza udi, akamvika doti mpya ya kanga. Kisha akasema neno alilokuwa amelipanga zamani. "Shoga, kesho tunakwenda mandari. Usiniambie habari ya Idd, Idd imekukuta ndani. Watu wake wako tayari na mchele nimeshauchagua."

Tunu alitaka kukataa. Lakini alikaa ndani muda mrefu, na harufu ya maji ya chumvi ilikuwa imemwingia kichwani. Akakubali.

Siku ya pili walikutana Mtoni, Tunu, Chausiku na sufuria yake ya pilau, Kokushubila na kikapu kilichofunikwa jani la mgomba, na Jabiri aliyekuja na makasia begani. Mashua ilikuwa imefungwa kwenye mkoko pale pale, na Jabiri alikuwa ameiosha. Besera ilikuwa imegeuka manjano kidogo. Tunu aliiona akageuza uso.

Na kando ya mashua alisimama Mwishehe, hakualikwa, ana kamba mkononi.

"Shikamooni," alisema, ingawa alikuwa mkubwa kuliko wengine wote pale isipokuwa Jabiri. Ni aibu iliyomsemesha hivyo. "Nimesikia mnakwenda. Nikaona nije, mkono wa pili wa kasia nitauweka mie."

Angefukuzwaje, ndugu wa marehemu? Wakamkaribisha. Lakini Mwishehe kwanza alitaka kupima. Alinyosha kamba yake kutoka omo mpaka tezi, akafunga fundo. Akapima mapana, akafunga fundo. Akainua godoro, akachungulia chini, akagonga mbao kwa ngumi. Aliuliza kama mabao ya kukalia yanang'oka. Jabiri alimwambia yanang'oka, na meno pia yanang'oka. Wanawake walingoja juani. Sadallah alikuwa haruhusu mtu kuchelewa hata kwa kuvaa kiatu, kwa sababu mkono ule wa bahari maji yake hukimbia yakianza kupwa, na asiyeondoka yakiwa yamejaa huachwa. Wote walilijua hilo. Ila miaka yote aliyelishughulikia alikuwa mtu mmoja, nao walikuwa wakipanda tu na kuketi. Kwa hiyo siku ile kila mtu alidhani mwenzake anayaangalia maji.

Waliondoka, wakaenda vizuri, Jabiri akaimba. Mikoko ilipita pande zote mbili, na kwa mbali mlingoti wa meli moja ulionekana Kurasini. Tunu aliketi mahali pake, pembeni, mgongo wima. Hapakuwa na mtu tezini. Alijikaza asipatazame, na shingo ikamuuma kwa kujikaza.

Kisha mashua ikasita, ikajikuna tumbo, ikasimama.

Jabiri alizamisha kasia, likaingia topeni hadi nusu ya bapa. Walisukuma kwa makasia yote mawili. Mwishehe alishuka, akazama matopeni mpaka mapajani, akasukuma kwa bega, na kitu pekee kilichosogea ni kofia yake. Maji yalikuwa yanawaacha waziwazi, kama wageni wanaotoka kwenye sherehe iliyokwisha, na kabla hawajamaliza kulaumiana fungu lote la tope lilikuwa limejitokeza, na wao juu yake, wameinama kidogo upande, katikati ya mfereji, chini ya besera.

"Haya, Bwana Mwishehe," alisema Chausiku. "Ipime sasa."

"Yatarudi," alisema Jabiri, akivua fulana. "Alasiri yatarudi. Kuna mwenye haraka?" Akajinyosha kwenye godoro akaweka kofia usoni.

Kokushubila alikuwa ameshika nguzo ya besera kwa mikono miwili. "Sisi kwetu tuna ziwa," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Ziwa halikimbii. Ukiliacha jioni, asubuhi unalikuta."

Hiyo ndiyo mandari ya ajabu kuliko zote walizopata kuzifanya. Walikula pale pale. Pilau ya Chausiku ilipakuliwa kwenye sinia moja, na Mwishehe, aliyekuwa ameoshwa miguu na Jabiri kwa kata moja ya maji ya kunywa, alikula akiwa amejikunyata, mwenye hatia, mpaka Tunu mwenyewe akamsogezea kipande cha nyama. Kokushubila alifunua jani la mgomba, na chini yake, pamoja na ndizi za kupika, palikuwa na senene wa kukaanga waliotoka Bukoba kwa treni.

"Mwenzangu," alisema Chausiku, "hawa si panzi?"

"Ni senene."

"Wana miguu ya panzi."

"Na kamba wako wana miguu ya nani?" aliuliza Kokushubila.

Tunu alicheka. Kilimtoka kicheko cha ghafla, kikamshitua mwenyewe, na wote wakajifanya hawakukisikia ili kisikimbie. Chausiku alijitia senene mmoja mdomoni kwa ushujaa, akatafuna huku amefumba macho, akaomba wa pili, na hatimaye kikapu kikahamia mapajani mwake.

Mtumbwi wa wakata boriti uliwapita kwenye kijito chembamba kilichobaki, wanaume wawili wakiusukuma kwa upondo. Waliona fungu la tope, na juu yake kitu cheupe chenye nguzo nne, godoro, mito, pazia, na watu.

"Jamani," mmoja aliita, "mchana wote huu bado mmelala?"

"Fungeni mlango mkipita," Jabiri alimjibu kutoka chini ya kofia.

Joto lilipozidi, mazungumzo yalipungua. Jabiri alimwachia Tunu godoro, akaenda kuegemea omo. Tunu alikuwa amechoka. Alikuwa amezoea giza la chumba, na mwanga wa siku ile ulimpiga kichwani. Alishika ukingo wa godoro, akasita, akakumbuka, kisha mwili ukashinda. Akalala chali. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Kutoka chini besera ilikuwa kitu kingine. Alikuwa ameitazama miaka yote kutoka pembeni, akiitafuta kasoro. Sasa aliona jinsi mwanga unavyopenya marekani ukawa laini kama maziwa, na jinsi kivuli cha maji kingecheza pale kama maji yangekuwapo. Akaona mishono ya Sadallah, mikubwa, ya kupindapinda, ya mtu aliyeshona kwa uzi wa tanga na sindano ya magunia. Na karibu na nguzo ya kichwani akaona kiraka. Kiraka kilikuwa na picha ya jogoo mwekundu, amefifia, miguu juu.

Aliinuka ghafla mashua ikalia.

"Chausiku. Njoo uone."

Chausiku alikuja akalala ubavuni mwake, wakatazama juu pamoja. Jogoo yule alikuwa alama ya mfuko wa unga. Zamani, mfuko wa nguo wa unga wa Tunu, mtupu, mzuri, aliokusudia kuushonea foronya, ulipotea uani. Tunu alimshuku Chausiku, wakatupiana maneno juu ya ua, wakanuniana mpaka Ramadhani ikawapatanisha. Na Sadallah wakati huo alikuwa akila chakula chake kati ya wanawake wawili wasiosemezana, akisema, jamani, ni panya.

"Mwizi mkubwa," alisema Chausiku polepole. "Alikuja kwangu akaniomba nikuombe radhi. Nikakuomba radhi, Tunu. Kwa mfuko aliouiba yeye."

Walicheka wote wawili wamelala chali, mabega yakigongana, na kicheko cha Tunu kikageuka katikati kikawa kilio. Alilia kwa sauti, kilio ambacho siku ya maziko hakikutoka. Chausiku hakumnyamazisha. Kokushubila aliketi miguuni pao akamshika kisigino, akakishika hivyo mpaka akatulia. Wanaume waliangalia meli.

Ni Mwishehe aliyeanza kusema, na si kwa ubaya. Alikuwa ameshika kamba yake yenye mafundo, anaizungusha vidoleni.

"Shemeji," alisema, "nisamehe kwa ninalosema. Mie si msemaji. Ndugu yangu namwota. Naota anapita barabarani ana mzigo, namwambia nikupokee, hasemi. Msamehe, shemeji. Mashua nikiipata, nisipoipata, Mungu anajua nina shida nayo, sikufichi. Lakini usimwache hivi."

Tunu alikaa, akajifunga kanga yake upya. Hasira aliyokuwa amemwekea shemeji yake miezi yote ile aliitafuta asiione.

"Sitamsamehe," alisema. "Kusamehe ni kusema hakunipa. Amenipa. Amenipa kila mwaka."

"Basi sema umepokea," alisema Chausiku. "Sie si tupo hapa? Sema yaishe."

"Ndilo linalonishinda." Tunu alikuwa akitazama tezini sasa, mahali patupu, kwa mara ya kwanza siku ile. "Nikisema bado, ataniuliza mwakani. Si ndivyo alivyosema? Basi mwakani. Nikisema nimepokea, ataniuliza nini tena?"

Kumbe ndilo hilo lililokuwa likimzuia. Chausiku aliinamisha kichwa akaanza kuokota punje za wali mkekani.

Maji yalirudi bila hodi, kama yalivyoondoka bila kuaga. Kwanza ulitokea utepe wa kung'aa pembeni mwa fungu, kisha tope likaanza kutoa mapovu, kisha wakasikia chini ya mbao mlio mdogo wa kulamba. Jabiri alirudi kwenye makasia. Mashua iliyokuwa imeinama ilianza kujinyosha polepole, kama mtu aliyelala vibaya, na kivuli cha maji kikapanda kwenye besera kikaanza kucheza. Tunu alikiona kikipita juu ya jogoo.

"Jabiri," alisema. "Kaa tezini."

Jabiri alimwangalia, akaelewa. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini alivaa fulana yake kwanza, akaenda akaketi pale, akaweka kasia chini, akakohoa. Sauti yake ilikuwa nzito na haikufanana na ya Sadallah hata kidogo.

"Bibi Tunu binti Nassibu, umepokea?"

"Bado," alisema Tunu.

Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea ya miaka. Kokushubila aliziba mdomo. Tunu mwenyewe alitabasamu, akapangusa uso kwa pindo la kanga, akakaa wima kama alivyokaa siku zote.

"Niulize tena."

"Bibi Tunu, umepokea?"

"Nimepokea."

Wakati huo mashua ilikuwa imekwisha elea, ikaanza kugeuka yenyewe taratibu na mkondo. Mwishehe aliitazama ile kamba yake, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akaitupa majini. Kisha akashika kasia lililobaki, mtu mzito mwenye tope lililokauka mapajani, na akauliza kwa adabu ile ile aliyomsalimia nayo kutoka nyuma ya pazia:

"Mwenye chombo, tuelekee wapi?"

Jua lilikuwa limeanza kushuka na Kigamboni ilikuwa bado mbali. Tunu alisema warudi nyumbani.

Mashua ile haikubeba mkaa. Mwishehe alipata gari la ng'ombe la kushirikiana na jirani, na Idd zilizofuata alikuja na watoto wake kwa zamu, kwa sababu wote hawakuenea. Tunu alilala kwenye godoro kwenda na kurudi, akawaacha wengine waketi pembeni. Kitanda cha besera cha nyumbani hakununua kamwe, ingawa mikate ilikuja kumpa uwezo huo. Waliendelea hivyo mpaka bendera ilipobadilishwa na miaka kidogo baada yake, mpaka mbao zikachoka na Jabiri akachoka.

Ila kila waliporudi, omo ikishaelekea Mtoni, palikuwa na mahali fulani ambapo mazungumzo yalikatika yenyewe. Jabiri alipiga kasia moja, akaliacha lielee kidogo. Tunu alitengeneza kanga yake, akaangalia tezini, akangoja. Hakuna aliyemuuliza kitu.